Unyayo Mchangani: Historia ya Kioo cha Metali

Siku za bamvua, maji yakipwa Kiunga, bahari hujivuta mbali mpaka mashua zilizotia nanga usiku hulala ubavu mchangani. Mchanga wenyewe bado umelowa, umeshikana na unang'aa. Ukanyage polepole huku ukiangalia pembeni mwa unyayo wako. Papo hapo mchanga hubadilika rangi, hugeuka mkavu na mweupe, kana kwamba mguu umeyafukuza maji. Subiri kidogo, kisha inua mguu: tundu la unyayo limejaa maji.

Mtu angetarajia kinyume chake. Nazi iliyokunwa ukiikamua hutoa tui. Mchanga ukiukamua, maji huzama ndani.

Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa ukamilifu mwaka 1885. Punje za mchanga uliotulia zimekwisha kubanana kadiri zinavyoweza. Zikilazimishwa kupitana, haziwezi kufanya hivyo zikiwa zimebanana vile vile, kwa hiyo hubidi kwanza ziachane kidogo, kila moja ipande mgongoni mwa mwenzake. Zikiachana, nafasi baina yao huongezeka, na maji ya juu hushuka kuzijaza. Ndiyo maana juu huonekana pakavu. Reynolds aliwaonyesha watu kwa mfuko wa mpira uliojaa punje na maji, wenye mrija mwembamba mdomoni. Alipouminya mfuko, maji ya mrijani hayakupanda, yalifyonzwa ndani.

Naanza na mchanga kwa sababu historia ninayoisimulia inaurudia kila hatua. Ni historia ya metali ambazo atomi zake hazikujipanga kwa safu, na ya watu waliotaka kujua atomi hizo hufanya nini metali inapobebeshwa mzigo. Swali hilo lina umri wa miaka sitini na kitu katika maabara. Pwani hii imeishi na ndugu yake kwa muda mrefu zaidi.

Wabajuni, watu wa Kiunga na visiwa vinavyoshuka kusini mpaka Lamu, walikuwa na chombo kinachoitwa mtepe. Kilikuwa na tanga la mraba lililosukwa kwa ukindu, na omo iliyoinuka kama shingo ya ngamia. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti vya mti, bila msumari hata mmoja. James Hornell, Mwingereza aliyejitolea maisha yake kuandika juu ya vyombo vya baharini, alikiandikia makala mwaka 1941, wakati mafundi wa kukiunda walikuwa wamekwisha kuadimika. Waarabu na Wazungu wa zamani waliosafiri bahari hii walisimulia kwamba mabaharia waliogopa msumari kwa kuwa chini ya maji kuna majabali ya sumaku yanayoung'oa. Mimi nawaamini zaidi mafundi kuliko wasimulizi hao. Jahazi lenye mishono hupinda. Likitua juu ya mwamba, au likipandishwa ufukweni na shehena yake ya boriti, kila mshono hulegea kidogo na kuubeba mzigo kwa sehemu yake. Msumari hushika mahali pamoja, na ubao huanzia kupasuka mahali pale pale.

Si kwamba chuma kilikuwa kigeni. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba kati ya 1980 na 1988 mji ulioanza karne ya 8, akakuta alama za kazi ya uhunzi na mavi ya chuma. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemwandikia mfalme Roger wa Sicily kitabu kilichokamilika mwaka 1154, anasema watu wa mji anaouita Malindi walichimba chuma, na kwamba hiyo ndiyo biashara iliyowapa faida kubwa kuliko zote. Anaeleza pia kuwa chuma cha upande wa Sofala kilivuka bahari hadi India, wahunzi wa huko wakakifua kuwa panga. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya daraja hizo za ubora. Tuna chuma, tuna pua, na juu ya pua tuna feleji. Upanga wa feleji ulitambulika kwa namna ulivyopinda na kurudi.

Muhunzi alijuaje kwamba hiki ni feleji na kile ni chuma tu? Alijua kwa mkono, kwa sauti ya nyundo juu ya fuawe, kwa rangi ya moto, kwa namna bamba lilivyokubali au kukataa kukunjwa. Kwa maneno mengine, aliijua metali wakati inateseka. Hilo ndilo jambo ambalo sayansi ilichelewa kuliweza, na naona ndiyo roho ya simulizi yote hii.

Mwaka 1863 na 1864, mjini Sheffield, Henry Clifton Sorby alisugua kipande cha pua mpaka kikang'aa, akakipaka tindikali kidogo, akakiweka chini ya hadubini. Kabla yake metali ilionekana kuwa kitu kimoja kizima, kama ziwa. Sorby aliona kwamba ni mkusanyiko wa chembe nyingi zilizopakana, kila moja na mpaka wake, na nyingine zenye mistari myembamba inayometameta kama ndani ya kombe la chaza. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake nchini Ujerumani walipitisha eksirei ndani ya fuwele, na muda mfupi baadaye Wabragg wawili, baba na mwana, wakaonyesha namna ya kusoma madoa yanayotokea. Ikathibitika kwamba ndani ya kila chembe ya metali atomi zimejipanga safu kwa safu, kama waumini msikitini: bega kwa bega, mstari nyuma ya mstari, bila pengo. Hiyo ndiyo maana ya fuwele.

Njia ya Sorby ndiyo iliyokuja kukifumbua chuma chetu cha pwani. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya ambaye tasnifu yake ya 1993 ilihusu uhunzi wa pwani ya Kenya, alishirikiana na David Killick na mwenzao mwingine kuchunguza vipande vilivyofukuliwa katika magofu ya Ungwana, Mtwapa na Galu. Waliyoyapata yalichapishwa mwaka 1994, na yanatenganisha metali ya kienyeji na ile iliyofika kwa vyombo. Kilichowashtua wengi ni kwamba Galu, kusini mwa Mombasa, palikuwa na pua iliyoyeyushwa ndani ya chungu, aina ambayo vitabu vilikuwa vimezoea kuihusisha na India na Uajemi. Hadubini ilisema jambo ambalo hakuna hati iliyowahi kulisema. Naliona kuwa tukio kubwa katika historia yetu, na linastahili kufundishwa katika kila shule kutoka Kiunga hadi Vanga.

Upande wa bara, Peter Schmidt na Donald Avery walikwenda mbali zaidi. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, waliwaomba wazee waliofanya kazi ya kuyeyusha chuma ujanani mwao wajenge tena tanuri na kuliwasha. Wazee walijenga, wakavukuta, na watafiti wakaingiza vipimo ndani ya moto unaowaka. Makala yao ya mwaka 1978 ilitangaza joto la zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi na pua halisi iliyotokana na ufundi uliokuwepo Buhaya tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu walibishana nao vikali juu ya maelezo yao ya namna joto hilo lilivyopatikana, naye Killick alikuwa mmoja wa wabishi. Lakini njia waliyoichagua ilikuwa sahihi: waliitazama kazi ikiwa inafanyika, hawakungoja majivu.

Sasa turudi kwenye zile safu. Mwaka 1926 Yakov Frenkel, Mrusi, alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuitelezesha safu moja ya atomi juu ya nyingine. Jibu lilikuwa kubwa kupita kiasi. Metali halisi hukunjika kwa nguvu ndogo kuliko hiyo kwa mara elfu moja au zaidi. Kitu gani kinaidhoofisha? Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walifikia jawabu moja.

Aliyewahi kulisogeza jamvi kubwa la msikiti atalielewa mara moja. Ukilivuta lote kwa pamoja, halitoki. Lakini ukilikunja upande mmoja likafanya tuta dogo, kisha ukalisukuma tuta hilo mpaka upande wa pili, jamvi zima limesogea na mgongo wako haukuuma. Fuwele za metali zina matuta ya namna hiyo, mahali ambapo safu moja imekatika katikati. Mzigo ukija, tuta hukimbia. Tuta moja likipita, fuwele imesogea hatua moja ya atomi. Mwaka 1956, Peter Hirsch na wenzake wa Cambridge waliyaona matuta hayo kwa macho yao yakitembea ndani ya utando wa alumini, chini ya hadubini ya elektroni. Tangu siku hiyo metali ya kawaida ilikuwa imesomeka: ukijua matuta yalipo na kinachoyazuia, unajua metali itakunjika lini.

Kisha ikazaliwa metali isiyo na jamvi wala tuta.

Pol Duwez, mzaliwa wa mji wa Mons huko Ubelgiji, alikuwa akifundisha California Institute of Technology mjini Pasadena. Hakutafuta kioo. Alitaka kuilazimisha fedha na shaba zichanganyike ndani ya fuwele moja, jambo zinaloligomea zikipoa taratibu. Akafikiri: zikipozwa haraka mno, hazitapata muda wa kutengana. Akatengeneza chombo kilichorusha tone la metali iliyoyeyuka kwa mshindo wa gesi mpaka likajibandika kwenye shaba baridi, likasambaa na kuganda kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Alifanikiwa. Ndipo mwanafunzi wake William Klement alipojaribu mchanganyiko mwingine: dhahabu sehemu 75, silikoni sehemu 25.

Uchaguzi ule ulikuwa na bahati yake. Dhahabu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, silikoni kwenye 1,414, lakini zikichanganywa kwa kiasi kinachofaa huyeyuka kwenye nyuzi 363 tu. Mchanganyiko kama huo hupenda kubaki kimiminiko, na ukipozwa ghafla atomi zake hazina hata nafasi ya kutafuta safu zao. Zilivyokuwa zimechanganyikana katika maji ndivyo zilivyogandishwa. Klement, Ronald Willens na Duwez walipokipitisha kipande hicho chembamba kwenye eksirei, yale madoa makali ya fuwele hawakuyaona. Waliona duara pana lililofifia, kama mwezi unapozungukwa na ukungu. Ilikuwa alama ile ile inayotolewa na maji, au na kioo cha dirisha. Waliitangaza Septemba 1960 kwa barua fupi katika jarida la Nature. Kipande chenyewe hakikudumu, kwani katika joto la kawaida la chumbani baada ya muda mfupi kilianza kujigeuza fuwele. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Hapa niseme kidogo juu ya neno kioo. Kwetu kioo ni cha kuangalia sura au cha dirisha, na watu hustaajabu kusikia metali ikiitwa kioo hali haipitishi mwanga. Kwa wanafizikia, kioo ni hali ya kitu chochote kilichoganda kabla atomi zake hazijajipanga. Shanga za kioo zinazookotwa katika magofu ya pwani yetu ziko katika hali hiyo. Kipande cha Klement kilikuwa ndugu yao, isipokuwa kilikuwa cha dhahabu.

Ni sura gani basi iliyomo ndani ya kitu kisicho na safu? John Desmond Bernal wa Birkbeck College, London, alikuwa akilisumbukia swali hilo kwa upande wa vimiminiko katika miaka ile ile. Alijaza mipira mifukoni, akaikanda, akamimina rangi nyeusi ili ahesabu kila mpira uligusana na mingapi. Kisha akajenga umbo kubwa la mipira na vijiti ofisini mwake, na kwa makusudi akakubali kukatizwa na wageni kila dakika chache, ili asahau alipoachia na asijikute akipanga bila kukusudia. Binadamu hushindwa kuacha kupanga. John Finney, aliyemfuata, alipima mahali pa karibu mipira 8,000. Walichokipata kinajulikana na kila muuza nafaka anayelitikisa pishi. Punje zikimiminwa tu, hukaa ovyo na kuacha nafasi. Zikitikiswa, hushuka, lakini zina kikomo. Mipira iliyopangwa kwa mpango bora hujaza asilimia 74 ya chombo. Iliyotikiswa bila mpango huishia asilimia 64, na hapo hukwama. Vioo vya metali hubanana zaidi ya hivyo, kwa kuwa vina atomi za ukubwa mbalimbali, na ndogo huingia penye mianya ya kubwa.

Yote hayo ni ya kitu kilichotulia. Mzigo je?

Mwaka 1977 Frans Spaepen, Mbelgiji mwingine aliyekuwa Harvard, alipendekeza kwamba siri iko kwenye mianya. Penye mwanya kidogo, atomi inaweza kuruka. Ikiruka chini ya mkazo, hufungua mwanya mpya, na mwanya huo humrahisishia jirani. Ni unyayo wa Reynolds uleule: ili visivyo na safu vipitane, lazima kwanza viachane. Miaka miwili baadaye Ali Argon, mzaliwa wa Uturuki aliyefundisha Massachusetts Institute of Technology, akaleta povu. Yeye na mwanafunzi wake walitandaza mapovu ya sabuni ya ukubwa wa namna mbili juu ya maji, wakayasukuma pande mbili zinazopishana, wakayapiga picha. Hakuna tuta lililokimbia. Badala yake, hapa na pale, kundi dogo la mapovu lilijigeuza ghafla kwa pamoja, kama wacheza ngoma wachache wanaobadilishana nafasi katikati ya umati uliosimama, kisha likatulia. Mahali pengine kundi jingine likafanya vivyo. Argon alisema kioo cha metali hunyumbuka kwa mageuko madogo madogo ya namna hiyo. Hata leo, kwa kompyuta zote zilizopo, watafiti bado wanaanzia kwenye wazo hilo lililoonekana kwenye sabuni.

Wakati huo vioo hivi vilikuwa vimeanza kutoka maabara. Tepe nyembamba za chuma, boroni na silikoni zilitiwa ndani ya transfoma za umeme, kwa kuwa sumaku hugeuka ndani yake kwa upotevu mdogo. Ila zilikuwa tepe tu. Ilichukua muda kupata mapishi yanayoganda bila haraka. Akihisa Inoue na wenzake huko Sendai, Japani, waliyapata kadhaa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, na mwaka 1993 Atakan Peker na William Johnson, katika chuo kile kile cha Pasadena, walitangaza mchanganyiko wa zirikoni, titani, shaba, nikeli na berili ulioweza kugandishwa kuwa nondo nene, kwa kupoa nyuzi chache tu kwa sekunde. Nondo kama hiyo huvumilia kunyooshwa hadi karibu asilimia 2 ya urefu wake na kurudi ilivyokuwa. Metali nyingi za fuwele haziwezi hata nusu ya hapo. Kwa maana hiyo ni feleji kuliko feleji.

Ina kasoro moja ya kutisha. Ikifika ukomo wake, haitoi onyo. Chuma cha kawaida hupinda kwanza, nawe ukakimbia. Hii hukatika papo hapo, katika ukanda mwembamba wa nanomita kumi au ishirini, huku sehemu nyingine yote ikiwa salama. Kwa nini mageuko yale madogo yaliyotawanyika hukusanyika ghafla mahali pamoja? Jibu lilimtaka mtu aitazame metali ikiwa chini ya mzigo, na ukanda ule ni mwembamba mno na wa haraka mno kwa kipimajoto chochote.

Mwaka 2006 John Lewandowski na Lindsay Greer walipata hila ambayo mafundi wetu wa sufuria za shaba wangeipenda. Walikipaka bati kioo cha metali, utando mwembamba kabisa, kisha wakakipinda. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232. Walipokitazama kwa hadubini ya elektroni, bati lililokuwa kandokando ya mistari ya mkatiko lilikuwa limejikunja kuwa vitone vya mviringo, kama umande. Lilikuwa limeyeyuka. Metali ile iliyoguswa ikaonekana baridi ilikuwa imewaka ndani kwa kitambo kidogo mno, na bati likabaki kuwa shahidi.

Shahidi wa atomi zenyewe alikuwa eksirei. Takeshi Egami, Mjapani aliyekuwa akifundisha University of Pennsylvania, pamoja na wenzake wawili, walionyesha mwaka 1987 kwamba kioo cha metali kilichovutwa kwa muda mrefu katika joto hakirudi kuwa kilivyokuwa. Kabla ya hapo, ukikitazama kutoka upande wowote ni kile kile. Baada ya hapo, upande wa mvuto ulitofautiana na upande wa kukingama. Tafsiri yao ilikuwa kwamba atomi zimebadilishana majirani: zimewaacha baadhi ya waliokuwa kwenye mstari wa mvuto na kushikana na wengine wa ubavuni. Urefu wa vifungo haukubadilika sana. Kilichobadilika ni nani kashikana na nani.

Bado ilikuwa ni kutazama baada ya tendo. Kutazama wakati wa tendo kulihitaji sinkrotroni, mitambo mikubwa ya mviringo inayozungusha elektroni karibu na kasi ya mwanga ili zitoe eksirei kali kuliko za hospitali kwa mabilioni ya mara. Mwaka 2005 Henning Poulsen wa Denmark na wenzake walichapisha matokeo ya kukibana kioo cha metali huku eksirei ikipita ndani yake. Lile duara la ukungu la mwaka 1960, lililokuwa mviringo kamili, lilibonyea na kuwa umbo la yai. Kwa kupima lilivyobonyea walisoma atomi zimesogeleana kiasi gani. Mwaka uliofuata Todd Hufnagel na wenzake wakalichunguza jambo hilo kwa undani zaidi, wakishirikiana na mtaalamu wa sinkrotroni ya Argonne, nje kidogo ya Chicago. Ni Chicago hiyo hiyo ambako Kusimba alikuwa akifanya kazi katika Field Museum.

Matokeo yao yalikuwa ya ajabu kidogo. Atomi zilizopakana moja kwa moja zilisogeleana kidogo kuliko metali nzima ilivyofupika. Kama kila mmoja kajikaza, ufupi wa zaidi umetoka wapi? Umetoka kwa wale waliobadilishana nafasi, hata pale ambapo mzigo ulikuwa mdogo na metali ilidhaniwa inapinda na kurudi tu. Mwaka 2010 Wojciech Dmowski, Egami na wenzao walilipa jambo hilo tarakimu: karibu robo tatu ya kioo hubeba mzigo kama kitu kigumu, na robo iliyobaki husalimu amri kama kimiminiko. Metali ngumu kuliko pua, na robo yake ni kama maji yaliyofungiwa ndani. Kila ninapolifikiria hili naona mchanga wa bamvua.

Niongeze jambo linaloniuma. Afrika haina sinkrotroni hata moja. Iliyo karibu ni SESAME huko Jordan, iliyofunguliwa mwaka 2017. Wanasayansi wa Kiafrika walikutana Grenoble, Ufaransa, Novemba 2015, katika mkutano wa kwanza wa kudai mtambo wa bara hili, na kazi hiyo inaendelea. Bara lililomwekea Schmidt tanuri linaloweza kupimwa likiwaka halina bado mahali pa kuitazama atomi ikiwa chini ya mzigo. Vipande vya Ungwana na Galu vilistahili mwanga huo, na vijana wetu wanaostahili kuushika wapo.

Mwaka huo huo wa 2015 Greer, na wenzake wa Japani, walionyesha kwamba kuna namna ya kukiumiza kioo bila kukigusa. Walikizamisha katika naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, wakakitoa, wakakizamisha tena, mara nyingi. Kwa kuwa ndani si sawa kila mahali, sehemu moja husinyaa kuliko nyingine, na msuguano huo peke yake huzitikisa atomi. Kioo kilichozeeka na kuwa chepesi kuvunjika kilirudi kuwa kinyumbufu. Ni pishi lile lile, safari hii likitikiswa ili punje ziachane.

Hata hivyo kwa miaka sitini hakuna aliyekuwa ameona atomi za kioo cha metali moja moja. Duara la eksirei hutoa wastani wa mabilioni. Machi 2021 kundi la Jianwei Miao la University of California, Los Angeles, lilichapisha katika Nature, jarida lililochapisha barua ya Klement, picha ya chembe moja ndogo iliyochanganywa metali nane. Waliizungusha ndani ya hadubini ya elektroni, wakaipiga picha kutoka pembe nyingi, na kompyuta ikaunganisha. Walipata mahali pa kila atomi katika pande zote tatu: atomi 18,356. Palikuwa na vikundi vidogo vilivyojipanga kidogo kisha vikapotea, na kati yao ovyo. Bernal angekaa nayo siku nzima na kuhesabu.

Chembe hiyo ilipopigwa picha ilikuwa imetulia, haijabebeshwa mzigo wowote.